Meduza hana moyo: je, nyuma ya kila maumivu kuna adui?



Kuna swali moja linalotangulia mengine yote wakati taabu inapoingia nyumbani mwetu. Mtoto akishikwa na homa ya ghafula, biashara ya mama ikianguka, mtumbwi ukizama, au kijana akishindwa mtihani wa Serikali, jirani wanakusanyika, na baada ya pole za kwanza, mmoja anashusha sauti na kuuliza: “Lakini ni nani?” Hatuulizi ni nini kilichotokea. Tunauliza ni nani aliyefanya, kana kwamba kila maumivu sharti yawe na mwenyewe.

Leo tunataka kulichunguza swali hilo, maana limefanya mazuri na limefanya mabaya mengi. Atakayetusaidia ni mnyama mmoja wa bahari. Hana moyo, hana ubongo, hana damu wala mfupa, lakini siku moja ya vakansi aliumiza watu karibu 150, naye akiwa amekwisha kufa.

1. Mambo yaliyotokea pwani

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2010, huko Marekani, katika mji mdogo wa Rye, jimbo la New Hampshire. Julai kwetu ni kiangazi, na kwao ni majira ya joto. Lakini kwao na kwetu shule zimefungwa, na watoto wanatafuta maji ya kuogelea. Familia nyingi zilikuwa zimeteremka kwenye ufuo wa Wallis Sands. Wakubwa walikaa mchangani, watoto walichezea mawimbi.

Basi maji yakaleta karibu na ufuo mnyama mkubwa aliyekufa, mwenye uzito wa kilo 18 hivi. Walinzi wa ufuo walipomwona walifanya jambo ambalo kila mtu mwema angefanya: walitaka kumwondoa asije akamdhuru mtu. Walichukua uma mkubwa, kama ule wa wakulima wa kuinulia majani makavu, wakajaribu kumtoa majini. Lakini mwili wake ulikuwa mlaini kama ute wa yai. Ukakatika. Mawimbi yakachukua vile vipande na kuvitawanya kati ya watu waliokuwa wakioga, navyo havikuonekana majini.

Baada ya muda kidogo watoto wakaanza kulia, huyu hapa na yule pale. Wengine walishika miguu, wengine mikono, wakisema wanaungua. Hesabu iliendelea kupanda mpaka ikafika watu karibu 150. Wengi walipakwa siki palepale ufuoni, na watoto wachache wakapelekwa hospitali. Kwa neema, hakuna aliyekufa.

Sasa tuangalie vizuri ni nani waliokuwa pale. Mnyama alikuwa maiti. Walinzi walitaka kulinda. Watoto walitaka kucheza. Wazazi walitaka kupumzika baada ya kazi ya mwaka mzima. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mwenzake mabaya siku ile, na bado watu karibu 150 walilia kwa maumivu ya kweli. Kama tungekuwa pale na kuuliza “Ni nani?”, tungejibiwa nini?

2. Mnyama huyu ni wa namna gani

Katika Kifaransa anaitwa meduza. Waswahili wa pwani ya mashariki humwita yavuyavu, na wengine konyeza. Wengi wetu hatujamwona, kwa kuwa tunaishi mbali na bahari, na inchi yetu ina pwani fupi tu, kule Moanda na Banana. Lakini ndugu zetu wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wana mdogo wake ndani ya ziwa lao. Katika ziwa Tanganyika yuko meduza wa maji matamu, mwenye upana wa sentimita 2 hivi, kama kifuniko cha chupa, naye hamdhuru mtu. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na wataalamu wa Ulaya wakashangaa sana kukuta mnyama wa jamaa ya baharini katikati ya Afrika.

Yule wa Wallis Sands ni wa aina nyingine. Wazungu wamemwita kwa jina la manyoya ya simba, kwa sababu nyuzi zinazoning’inia chini ya mwili wake ni nyingi, ndefu, na zina rangi kama ya manyoya ya shingoni mwa simba dume. Anakaa katika maji ya baridi ya kaskazini. Katika karne ya 19, huko Massachusetts, jirani na New Hampshire, walipima mmoja ambaye nyuzi zake zilipita mita 36.

Karibu mwili wake wote ni maji. Mahali pa ubongo ana wavu mwembamba wa mishipa ya fahamu. Anaogelea kwa kufungua na kufunga mwili wake kama mwavuli, lakini nguvu zake ni ndogo, hawezi kushindana na mkondo wa maji wala na upepo. Kwa hiyo tukimkuta ufuoni tusifikiri alikuja kwa kusudi lake, maana maji ndiyo yaliyomleta.

Na kuchoma kwake je? Katika nyuzi zake kuna chembe ndogo sana, maelfu na maelfu, ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndani ya kila chembe umekunjwa uzi wenye ncha na sumu. Kitu kikiigusa chembe, ule uzi unafyatuka wenyewe, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mnyama haamui kitu. Chembe ile inafanya kazi kama mtego wa panya. Mtego haumjui panya wala haumchukii, na tena hauulizi kama mtu aliyeutega angali hai. Ndiyo sababu meduza aliyekufa, na hata kipande chake kilichokatika, chaweza kuchoma.

Basi mnaona, wapendwa: hapa kuna maumivu makali, kuna sumu, kuna watoto wanaolia, na ndani ya yote hayo hamna nia mbaya hata kidogo.

3. Giza la Ufilipino

Mtu anaweza kusema: “Hiyo ilikuwa pwani tu, na kila mtu alielewa upesi.” Tutazame jambo lingine ambalo watu hawakulielewa upesi.

Mwezi wa Desemba 1999, katika inchi ya Ufilipino, umeme ulikatika ghafula usiku katika sehemu kubwa ya kisiwa cha Luzon, pamoja na mji mkuu Manila. Watu karibu milioni 40 walibaki gizani. Wakati ule siasa ya inchi ilikuwa na wasiwasi, na uvumi ulienea upesi: jeshi linapindua serikali! Watu walitafuta redio zao wasikie ni jenerali yupi aliyeshika madaraka.

Hakukuwa na jenerali. Karibu na mahali panapoitwa Sual kuna kiwanda kikubwa cha umeme kinachovuta maji ya bahari ili kupoza mashini zake. Kundi kubwa la meduza lilivutwa pamoja na maji yale, likaziba njia ya maji, na kiwanda kikasimama. Waliwatoa kwa malori, malori 50 hivi yakajaa.

Tumeleta habari hii kwa sababu moja. Kuna watu wanaosema kwamba kutafuta adui nyuma ya kila taabu ni ugonjwa wa Waafrika. Si kweli. Wafilipino walifanya vivyo hivyo, na Wazungu nao katika karne zilizopita waliwachoma moto wanawake wengi kwa kuwasingizia uchawi wa kuharibu mavuno na kuua ng’ombe. Hili ni jambo la binadamu wote. Na sisi tunaokaa gizani kila siku kwa ajili ya delestaji twajua vizuri jinsi akili ya mtu inavyotengeneza maadui taa ikizimika.

4. Kwa nini tunapenda kuuliza “ni nani”

Tusiwahukumu haraka wale wanaouliza. Maumivu yasiyo na mwenyewe ni mzigo mzito sana. Mama aliyezika mtoto anaweza kuvumilia mambo mengi, lakini kuambiwa kwamba mtoto alikwenda hivihivi, bila mtu kukusudia, ni kama kumnyima hata mahali pa kuelekeza machozi yake. Adui akipatikana, huzuni inageuka kuwa hasira, na hasira ni rahisi kubeba kuliko huzuni, maana inatupa kazi ya kufanya. Tena tunajidanganya kwamba tukimpata yule mtu na kumfukuza, taabu itakwisha.

Lakini tuulize tena: ni nani anayelipa bei ya faraja hiyo? Tumeishi miaka mingi katika miji na vijiji vyetu, na tumeona. Anayeshitakiwa huwa hana mtu wa kumtetea. Ni mjane mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Ni mtoto yatima aliyekuja kukaa kwa mjomba, anayekojoa kitandani au anayeongea usingizini. Ni mtoto mwenye kifafa, au aliyezaliwa na kilema. Tajiri mwenye gari na walinzi hashitakiwi. Hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba vidole vyetu havifuati ukweli, vinafuata udhaifu wa mtu.

Kule Kinshasa, Mbuji-Mayi na Lubumbashi, watoto wengi wanaolala sokoni na chini ya vibaraza walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Katika Kivu ya Kusini wamama wazee wameuawa kwa neno hilo hilo. Na inatupasa kusema wazi, bila kuficha: mashitaka mengine hayakutoka kwa walevi wa barabarani. Yametoka katika vyumba vya maombi, midomoni mwa watu waliosema wameona katika maono. Anayesema ameona, na kwa kusema hivyo anamtoa mtoto nje usiku, atajibu kwa Mungu juu ya mtoto huyo. Vilevile atajibu mbele ya sheria ya inchi, kwa sababu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaweka kifungo.

Hata wanafunzi wa Bwana walikuwa na swali letu. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana aliwakatalia njia zote mbili, kisha akamponya yule mtu. Na habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, alikataa vilevile wafikiriwe kuwa wabaya kuliko wengine wa mji. Wale waliotaka mwenye kosa hawakupewa.

5. Maumivu si ya namna moja

Sasa mtu ataweza kutupinga, naye atakuwa na haki: “Ninyi wa gazeti, mnataka kutuambia kwamba hakuna maadui? Sisi tuliochomewa nyumba, sisi tuliokimbia na watoto mgongoni, tuseme yalikuwa mawimbi ya bahari tu?”

Hapana. Hatusemi hivyo hata kidogo. Tunasema kwamba maumivu ni ya namna mbalimbali, na mwenye hekima hayachanganyi. Tutazame namna tatu.

Ya kwanza ni maumivu yasiyo na mtu nyuma yake kabisa. Ndugu zetu wa Goma na Sake wanajua kitu kinachoitwa mazuku, jina ambalo watu wamelieleza kuwa ni upepo mbaya. Baba anakwenda asubuhi mapema na mtoto wake na mbuzi. Wanapita katika bonde dogo kati ya mawe ya volkano. Baba anapita salama. Mbuzi anaanguka, mtoto naye anaanguka, wanakufa bila jeraha. Mtu asiyejua angesema nini? Angesema: kwa nini mtoto afe na baba abaki? Wangemshuku baba, au mama wa kambo, au bibi. Lakini wataalamu wa volkano wameeleza jambo lenyewe. Gazi karboniki inatoka ardhini. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mkubwa kichwa chake kiko juu, anavuta hewa nzuri. Mtoto na mbuzi vichwa vyao viko chini. Basi kilichomwua mtoto ni urefu wake mdogo. Na tukijua hivyo, tunaweza kuwaokoa watoto wengine: wasipite mabondeni saa zile, wasilale mahali pa chini. Kumfukuza bibi hakungeokoa hata mmoja.

Ya pili ni maumivu ambayo hakuna mtu aliyeyakusudia, lakini mikono ya watu imo. Meduza anatufundisha hapa pia. Katika bahari ya Namibia, ambayo ni bahari hiyohiyo inayopiga pwani yetu ya Moanda, zamani kulikuwa na dagaa wa baharini kwa wingi wa ajabu. Katika miaka ya 1960 meli za uvuvi ziliwavua kupita kiasi, na samaki wale wakaanguka vibaya. Mwaka 2006 wataalamu walitoa hesabu ya sehemu ya bahari ile waliyoipima: meduza tani milioni 12.2, samaki tani milioni 3.6. Mahali palipokuwa pa samaki pamekuwa pa meduza, na nyavu za wavuvi zinajaa ute. Ni nani mwenye kosa? Hakuna mvuvi aliyeamka asubuhi na kusema, “Leo nitaharibu bahari.” Kila mmoja alichukua sehemu yake tu, akalipa mshahara wa vijana wake, akarudi nyumbani. Lakini wote pamoja walifanya ambacho hakuna aliyetaka.

Je, sisi hatuko hivyo? Kila mmoja anatupa chupa moja ya plastiki katika mfereji. Mvua ya Novemba inakuja, mfereji umeziba, maji yanaingia katika nyumba ya jirani wa chini na kubeba mtoto wake. Kisha tunaketi kwenye kilio na kuulizana kwa sauti ya chini: “Ni nani?” Katika maumivu ya namna hii swali la “nani” ni la haki, lakini jibu lake ni “sisi”, na kwa sababu hiyo hatupendi kulijibu.

Ya tatu ni maumivu yenye adui wa kweli. Mtu amechukua bunduki akafyatua. Mtu amekula pesa za dawa za hospitali. Mtu amembaka msichana. Hapa hakuna mawimbi wala mkondo, kuna moyo uliokusudia na mkono uliotenda. Anayeyaita mambo haya bahati mbaya, au anayewaambia waliofiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu ili wanyamaze, anadanganya sawasawa na yule anayemwita mtoto mchawi. Mmoja amemhukumu asiye na kosa, mwingine amemfungulia mwenye kosa mlango atoke. Makosa haya mawili huenda pamoja. Katika mtaa ambamo watu wamezoea kumkamata bibi mzee kwa ajili ya kila kifo, wauaji wa kweli hutembea bila hofu, kwa sababu hasira ya watu imekwisha kutumika mahali pengine.

6. Nia njema peke yake haitoshi

Turudi kidogo kwa wale walinzi wa Wallis Sands na uma wao. Je, walitenda dhambi? Tunafikiri kwamba hapana, maana walitaka mema na walifanya upesi. Lakini tendo lao lilizidisha madhara. Meduza mzima angeweza kuonekana na watu wangemwepuka, ila vipande vyake vilivyotawanyika havikuonekana. Hapa iko sehemu ngumu ya somo letu. Mtu anaweza kuumiza bila chuki, kama meduza. Na mtu anaweza kuumiza kwa upendo, ikiwa upendo wake hauna maarifa.

Mfano wa pili uko katika kutibu. Kwa miaka mingi watu waliochomwa na meduza wa aina hii waliambiwa waoshe mahali pale kwa maji ya bahari na kuweka barafu. Mwaka 2017 wataalamu wa Ireland na Hawaii walitoa uchunguzi wao juu ya meduza huyu mwenye manyoya ya simba. Walikuta kwamba maji ya bahari na barafu vilizidisha sumu. Kilichosaidia ni kuosha kwa siki, kisha kuweka joto la digri 45 kwa muda wa dakika 40. Wengi waliopewa barafu waliipewa na mama zao, kwa upendo wote wa mama. Upendo ule ulikuwa wa kweli, na barafu ilikuwa mbaya.

Wamama wetu, wababa wetu, sikieni vizuri hapa. Mtoto akishikwa na degedege usiku, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani au homa nyingine kali. Saa zile ni za thamani kuliko dhahabu. Kuna wazazi waliotumia saa hizo wakimtafuta aliyemfunga mtoto, wakimpeleka kutoka nyumba hii ya maombi hadi nyingine, mpaka asubuhi, na asubuhi ikamkuta mtoto hayupo. Walimpenda, na hatuna haki ya kuwatupia mawe. Lakini ni haki kusema kwamba swali la “nani” lilikula muda wa swali la “nini”. Ombeni, naam, ombeni njiani, mkiwa mmembeba kuelekea dispanseri.

Hapo tunaona tofauti kati ya kosa na deni. Mlinzi wa ufuo aliyetumia uma hana kosa. Lakini baada ya siku ile ana deni: ajifunze, na afundishe walinzi wengine, ili kesho mtu asifanye hivyo tena. Mzazi aliyefiwa kwa kutojua hana kosa, lakini sisi sote tuliosikia habari zake tuna deni la kujua. Anayekataa kujifunza baada ya kuona, deni lake linageuka kuwa kosa.

7. Tuulize kwa utaratibu

Basi tufanye nini taabu inapotufikia? Hatuwakatazi kuuliza. Tunawaomba mpange maswali yenu vizuri, kama mtu anayepanga kuni: nyembamba kwanza, ndipo gogo kubwa.

Swali la kwanza: nani ameumia, na anahitaji nini sasa? Kule Wallis Sands, siki ilikwenda kwa watoto kabla watu hawajaanza kuzungumza juu ya uma. Mwenye kuumwa apelekwe hospitali. Mwenye njaa apewe chakula. Aliyefiwa apate mtu wa kulala naye nyumbani.

Swali la pili: ni nini kilichotokea? Tuwaulize wanaojua. Muuguzi anajua homa. Fundi anajua kwa nini ukuta ulianguka. Mzee mvuvi anajua upepo wa ziwa. Mungu aliyewapa watu maono ndiye aliyewapa wengine elimu, na hapingani na nafsi yake.

Swali la tatu: sisi wenyewe tuliweza kuzuia kitu gani? Swali hili halipendezi, lakini ndilo linalookoa mtoto wa kesho. Mfereji, chandarua, mtumbwi uliojazwa watu kupita kiasi, dawa iliyopita tarehe.

Swali la nne, la mwisho: je, kuna mtu aliyekusudia? Likiulizwa baada ya yale matatu, na likiulizwa kwa ushahidi, mbele ya wazee wenye haki na mbele ya hakimu, mshitakiwa naye akipewa nafasi ya kujibu mchana mbele ya watu, ni swali jema. Lakini likitangulia yale matatu, likiulizwa usiku, kwa kunong’ona, juu ya mtu asiye na mtetezi, tujue kwamba tumeanza sisi wenyewe kuwa wenye kuumiza. Na sisi hatutaweza kujitetea kwa maneno ya meduza, maana sisi tuna moyo na tuna akili ya kujua tunachokigusa.

Wapendwa, huenda gazeti hili litasomwa katika nyumba ambamo kuna mtoto anayekula peke yake nyuma ya jiko, kwa sababu mtu fulani alisema neno juu yake. Kama ni nyumba yako, usingoje mkutano wala usingoje maono mengine. Mwite leo kwa jina lake, mnawishe mikono, umketishe pamoja na ndugu zake kwenye sahani moja ya bukari. Na kama kuna bibi katika lupango lenu ambaye watoto wamefundishwa kumkimbia, mtumeni mkubwa wa nyumba akamsalimie jioni hii, akiwa na maji ya kunywa mkononi, watoto wakiona.

Amani ikae nanyi na nyumba zenu zote.